Kuthibitisha Kisichokuwepo: Namna Kompaila Inavyopimwa katika Kuondoa Ukaguzi wa Mipaka Usiohitajika

Utangulizi

Katika makongamano ya Kiswahili husemwa mara kwa mara kwamba lugha hii ina uwezo wa kueleza taaluma yoyote. Ni dai la kweli, lakini mara nyingi huachwa bila kupimwa. Wanaolitoa hutaja mifano ya siasa, dini, afya au kilimo, nyanja ambazo Kiswahili kimezieleza kwa miaka mingi. Ni nadra dai hilo kupelekwa mbali zaidi, hadi pale ambapo hata wataalamu wa sayansi yenyewe hulazimika kufikiri mara mbili.

Makala haya yanachukua mada moja ya aina hiyo. Yanaeleza jinsi wahandisi wa kompyuta wanavyohakikisha kuwa kompaila imeondoa ukaguzi wa mipaka ya safu pale tu ambapo ukaguzi huo hauhitajiki, na kuubakiza pale unapohitajika. Kwa mtazamo wa haraka, hili ni jambo la mafundi wachache. Hata hivyo, kama itakavyobainika, ndani yake mna suala linalomgusa kila anayebeba simu mfukoni: je, tunaweza kuwa na programu zilizo salama na zenye kasi kwa wakati mmoja, au ni lazima tuchague moja?

Maelezo yanatolewa kwa msomaji ambaye hajawahi kuandika programu. Mfano mkuu umetolewa katika barabara ya Kakamega hadi Kisumu, ambayo wasomaji wengi wa magharibi mwa Kenya wanaifahamu vyema.

Dhana za Msingi

Programu ya kompyuta huandikwa na binadamu kwa lugha anayoielewa yeye, kama vile C, Java, Go au Rust. Kompyuta hailielewi andiko hilo. Inaelewa lugha ya mashine, yaani mfululizo wa maagizo mafupi sana: chukua namba hii, ilinganishe na ile, kama ni ndogo ruka hadi mahali fulani. Kompaila ni programu inayotafsiri andiko la binadamu kuwa maagizo hayo. Kama alivyo mfasiri hodari, kompaila haitafsiri neno kwa neno. Huruhusiwa kupanga upya, kufupisha na kuacha kile ambacho ni cha ziada, almuradi maana isibadilike. Kazi hiyo ya kufupisha huitwa uboreshaji.

Safu ni mkusanyiko wa vitu vya aina moja vilivyopangwa kwa kufuatana katika kumbukumbu ya kompyuta. Matatu ya abiria 14 ni mfano mwafaka. Ina viti 14 vilivyopangwa, na kila kiti kina nafasi yake. Namba inayotaja nafasi huitwa fahirisi. Katika lugha nyingi za programu kuhesabu huanzia sufuri. Kwa hiyo kiti cha kwanza ni namba 0 na cha mwisho ni namba 13. Atakayetaja kiti namba 14, au namba hasi, atakuwa ametaja kiti ambacho hakimo garini.

Utingo wa kweli akiambiwa ampeleke abiria kwenye kiti kisichokuwepo, atashangaa. Kompyuta haishangai. Isipoagizwa kukagua, itapiga hatua kutoka mwanzo wa safu kulingana na namba iliyotajwa, na kufungua chochote kilicho hapo. Huenda hapo pana neno la siri la mtu mwingine, salio la akaunti, au agizo linaloielekeza programu mahali pa kurudi baada ya kazi. Ni kana kwamba abiria ameketishwa kwenye gari la jirani, na hakuna aliyegundua.

Ukaguzi wa mipaka ndio kinga dhidi ya hali hiyo. Kabla ya kugusa safu, programu hulinganisha fahirisi na urefu wa safu. Fahirisi ikiwa chini ya sufuri, au ikilingana na urefu ama kuuzidi, programu husimamishwa au hutoa taarifa ya kosa. Vinginevyo huendelea.

Gharama ya Kukagua na Gharama ya Kutokagua

Swali la kama ukaguzi huo una thamani yake ni la zamani. C. A. R. Hoare, mwanasayansi Mwingereza, aliligusia katika hotuba aliyoitoa alipopokea Tuzo ya Turing ya mwaka 1980. Alisimulia kwamba katika kampuni ya Elliott, kompaila yao ya lugha ya ALGOL 60 ilikagua kila fahirisi kila ilipotumika. Miaka kadhaa baadaye wateja waliulizwa kama wangependa kupewa njia ya kuuzima ukaguzi huo ili programu zao ziende kasi. Wote walikataa. Walikuwa wamekwisha kuona ni mara ngapi makosa ya fahirisi hujitokeza katika kazi halisi. Hoare huyohuyo, katika andiko la mwaka 1973, aliwafananisha wanaozima ukaguzi programu inapoanza kutumika na baharia anayevaa jaketi la kuokolea maisha akiwa nchi kavu na kulivua anapoingia majini.

Ushauri huo haukufuatwa na wote. Lugha ya C, iliyoundwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell miaka ya mwanzo ya 1970, haikagui mipaka yenyewe. Humwachia mwandishi wa programu wajibu huo. Matokeo yake yameandikwa katika historia. Tarehe 2 Novemba 1988, programu iliyojulikana kama mnyoo wa Morris ilisambaa katika intaneti changa ya wakati huo. Njia mojawapo iliyoitumia ilikuwa kupeleka maandishi marefu kuliko nafasi ya baiti 512 iliyotengwa kuyapokea. Mnamo Aprili 2014 dunia ilitangaziwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed, iliyokuwa katika maktaba ya usalama ya OpenSSL. Mtumaji aliweza kudai kwamba ujumbe wake una urefu mkubwa kuliko ulivyokuwa, na seva, bila kulinganisha dai na ukweli, ilimrudishia hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake. Ulinganisho mmoja ungetosha kuzuia hayo.

Kwa nini basi kuna watu wanaokwepa kukagua? Sababu ni kasi. Programu inayochakata picha au sauti hugusa safu mamilioni ya mara kwa sekunde. Ulinganisho mmoja ni kitu kidogo mno, lakini ukirudiwa mamilioni ya mara huwa mzigo. Aidha, ukaguzi uliomo ndani ya kitanzi huweza kuizuia kompaila kufanya uboreshaji mwingine, kama vile kuchakata vitu kadhaa kwa agizo moja. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ndicho humshawishi mwandishi wa programu kuuzima ukaguzi wote kwa mkono wake.

Ipo njia ya tatu. Badala ya binadamu kuuzima ukaguzi wote kwa kukisia, kompaila yenyewe huondoa ule tu ambao imethibitisha kuwa hauwezi kamwe kukamata kosa.

Ukaguzi Unapokuwa wa Ziada

Sheria za usalama wa matatu zilizoanza kutekelezwa nchini Kenya mwezi Februari 2004, zikijulikana zaidi kwa jina la John Michuki aliyekuwa waziri wa uchukuzi wakati huo, zilisisitiza pamoja na mengine kwamba gari lisibebe abiria kupita idadi iliyoidhinishwa. Tuchukulie kwamba matatu inatoka Kakamega kwenda Kisumu, ikipitia Khayega, Chavakali, Mbale, Majengo na Kiboswa. Tuchukulie pia kwamba katika kila mojawapo ya vituo hivyo kuna afisa anayehesabu abiria.

Iwapo abiria walihesabiwa Kakamega na kukutwa 14, na iwapo inajulikana kwa hakika kuwa gari halitapakia mtu yeyote njiani, basi kuhesabu tena Khayega hakuongezi usalama wowote. Matokeo yanajulikana kabla ya afisa kuinua mkono. Hali ni hiyo hiyo Chavakali, Mbale na kwingineko. Ukaguzi wa vituo hivyo vitano unaweza kuondolewa bila kumdhuru mtu. Lakini utingo akiwa na uhuru wa kupakia Mbale, hoja nzima inaanguka. Ukaguzi wa Khayega na Chavakali bado ni wa ziada. Ule wa Majengo unahitajika.

Kompaila hufikiri vivyo hivyo. Kisa chepesi kabisa ni cha kitanzi, yaani sehemu ya programu inayorudiwa. Agizo likiwa: anza na fahirisi 0, ongeza 1 kila mara, endelea maadamu fahirisi ni ndogo kuliko urefu wa safu, basi mambo mawili yanajulikana kila wakati ndani ya kitanzi. Kwanza, fahirisi haiwezi kuwa chini ya sufuri, kwa kuwa imeanzia sufuri na inaongezeka tu. Pili, haiwezi kufikia urefu wa safu, kwa kuwa sharti la kitanzi limekwisha kukataza. Kukagua tena ni kuuliza swali lililojibiwa.

Kisa cha pili ni cha sharti lililotangulia. Kama programu imekwisha kugusa nafasi namba 7 ya safu na ukaguzi ukapita, basi kugusa nafasi 6, 5 na 4 za safu hiyohiyo hakuhitaji ukaguzi mpya, almuradi safu haijapunguzwa katikati. Kwa sababu hiyo waandishi stadi wa lugha ya Go hutanguliza nafasi ya juu zaidi. Kwa ukaguzi mmoja wa mwanzo huondolewa mwingine wote unaofuata.

Kisa cha tatu kina ugumu zaidi. Mpaka wa kitanzi unaweza kuwa namba nyingine isiyohusiana na urefu wa safu. Hapa mtu angependekeza ukaguzi ufanywe mara moja tu kabla ya kuingia kitanzini, kama abiria wanavyohesabiwa Kakamega kwa niaba ya safari nzima. Pendekezo hilo lina mtego. Lugha ya Java inataka kosa litokee mahali pake hasa: kama mizunguko 9 ya kwanza ilikuwa halali na wa 10 ukavuka mpaka, kazi ya ile 9 lazima ionekane imefanyika. Ukaguzi ukiletwa mwanzoni na kuisimamisha programu, kazi halali itakuwa imepotea na maana ya programu imebadilika. Kompaila ya HotSpot ya Java hulitatua hili kwa kukigawa kitanzi katika vipande vitatu. Cha mwanzo na cha mwisho hubaki na ukaguzi. Cha katikati, ambacho ndicho kirefu, huhusisha tu fahirisi zilizothibitishwa kuwa salama, na huenda bila ukaguzi.

Kufikiri kwa namna hii kuna mbinu zilizotafitiwa vizuri. Mwaka 2000, Rastislav Bodík, Rajiv Gupta na Vivek Sarkar walichapisha mbinu waliyoiita ABCD. Ndani yake, uhusiano kama vile “namba hii ni ndogo kuliko ile kwa angalau moja” huchorwa kama njia baina ya vituo, na swali la kama ukaguzi ni wa ziada hugeuka kuwa swali la njia fupi kati ya fahirisi na urefu wa safu.

Ugumu wa Kupima Kutokuwepo

Hadi hapa imeelezwa jinsi kompaila inavyoondoa ukaguzi. Swali kuu la makala haya ni jingine: mtu anajuaje kuwa umeondolewa?

Majaribio ya kawaida ya programu huendeshwa kwa kuipa programu data na kutazama jibu. Hapa hayasaidii. Kwa mujibu wa maana yenyewe ya ukaguzi wa ziada, programu yenye ukaguzi na ile isiyo nao hutoa jibu lilelile. Abiria aliyesinzia kutoka Kakamega na kuamka Kisumu hawezi kusema kama gari lilisimamishwa Mbale au la. Amefika, na nauli ni ileile.

Mtu anaweza kupendekeza kupima muda wa safari. Ni kweli kwamba gari lisilosimamishwa hufika mapema. Lakini muda hubadilika kwa sababu nyingi: msongamano, mvua, dereva. Vivyo hivyo, muda wa programu hutegemea joto la mashine, programu nyingine zinazoendeshwa pamoja nayo, na hali ya kumbukumbu ya karibu. Ulinganisho mmoja unaweza kufichika kabisa ndani ya tofauti hizo. Jaribio linaloshindwa leo na kufaulu kesho bila chochote kubadilika haliaminiki, na jaribio lisiloaminika hupuuzwa upesi.

Njia iliyobaki ni kutazama barabara yenyewe: kusoma kile ambacho kompaila imezalisha na kutafuta kama ukaguzi umo. Miradi mikubwa ya kompaila hufanya hivyo kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kusoma msimbo uliozalishwa. Katika mradi wa LLVM kuna zana iitwayo FileCheck. Mwandishi wa jaribio huandika programu ndogo na kuiambatanisha na maelezo ya yale yanayotakiwa kuonekana katika tafsiri yake na yale ambayo hayatakiwi kuonekana kamwe. Lugha ya Rust hutumia zana hiyo. Kwa kuwa ukaguzi wa mipaka katika Rust unaposhindwa huita kipande maalumu cha programu chenye jina linalojulikana, jaribio husema tu kwamba jina hilo lisionekane ndani ya tafsiri. Likionekana, ukaguzi umebaki, na jaribio linashindwa.

Njia ya pili ni kuifanya kompaila yenyewe itoe taarifa. Tangu toleo la 1.7 la mwaka 2016, kompaila ya Go imekuwa na swichi inayoiagiza itaje kila mstari ambamo ukaguzi wa mipaka umebaki baada ya uboreshaji. Miongoni mwa majaribio ya Go limo faili lenye mistari mingi mifupi inayogusa safu kwa namna mbalimbali. Mistari ambamo ukaguzi unastahili kubaki imewekewa alama. Isiyostahili haina alama. Taarifa ya kompaila hulinganishwa na alama hizo. Mstari wenye alama ukikosa taarifa, jaribio limeshindwa. Mstari usio na alama ukipata taarifa, limeshindwa vilevile.

Mpangilio huo unaonyesha kanuni ya kwanza ya upimaji huu, kwamba jaribio linapaswa kuwa na pande mbili. Kompaila inayoondoa ukaguzi wote bila kufikiri ingefaulu vizuri sana katika jaribio linalouliza tu kama ukaguzi umeondolewa. Kwa hiyo kando ya kila kisa ambamo ukaguzi ni wa ziada huwekwa kisa pacha kinachofanana nacho kwa kila kitu isipokuwa jambo moja, na jambo hilo moja linaufanya ukaguzi kuwa wa lazima. Kitanzi kinachoishia kabla ya urefu wa safu huwekewa pacha anayeishia kwenye urefu wenyewe. Programu inayogusa nafasi ya fahirisi huwekewa pacha anayegusa nafasi inayofuata, ambaye katika mzunguko wa mwisho atavuka mpaka.

Kanuni ya pili ni kujihadhari na ushindi wa uongo. Kompaila ikiona kwamba kilichosomwa kutoka kwenye safu hakitumiki popote, huenda ikafuta usomaji wote. Ukaguzi utakuwa haupo, na jaribio litafaulu, ilhali hakuna kilichothibitishwa. Ni sawa na mtu kuripoti kwamba matatu haikusimamishwa Khayega, Chavakali wala Mbale, kumbe gari lenyewe halikuondoka kituoni Kakamega. Dawa yake ni kuhakikisha kwamba thamani iliyosomwa inapelekwa mahali ambapo kompaila haiwezi kupaona ndani, na jaribio lithibitishe kuwa usomaji bado umo hata kama ukaguzi haumo.

Kanuni ya tatu inahusu kingo za namba. Katika hesabu za kawaida, namba ikiongezwa moja huwa kubwa zaidi. Katika kompyuta, namba yenye biti 32 inayoruhusu hasi hufikia 2147483647. Katika lugha kama Java na Go, ikiongezwa moja hugeuka kuwa -2147483648. Kompaila inayoamini kwamba “namba hii pamoja na moja haiwezi kuwa hasi” itaondoa ukaguzi uliohitajika. Kwa hiyo mkusanyo mzuri wa majaribio huwa na safu tupu, safu ya kitu kimoja, fahirisi -1, 0, urefu pungufu kwa moja, urefu kamili, na namba kubwa kuliko zote.

Zaidi ya majaribio yaliyoandikwa kwa mkono, yapo yanayozalishwa na mashine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walitengeneza zana ya Csmith inayobuni programu za C kwa nasibu, kisha programu moja hutafsiriwa kwa kompaila mbalimbali na kwa viwango mbalimbali vya uboreshaji, na majibu hulinganishwa. Yakitofautiana, mahali fulani pana kosa. Katika ripoti yao ya mwaka 2011 walieleza kwamba walikuwa wamewafikishia watengenezaji wa kompaila makosa zaidi ya 325 yasiyojulikana awali. Mbinu hiyohiyo inaweza kutumika kulinganisha tafsiri iliyoondolewa ukaguzi na ile isiyoondolewa.

Kompaila Inapokosea

Pengine msomaji atauliza kama hofu hizi si za darasani tu. Mwaka 2018 ulitoa jibu. V8 ni injini inayoendesha programu za JavaScript ndani ya kivinjari cha Chrome, na hivyo imo katika simu nyingi sana, za Afrika Mashariki zikiwemo. Ndani yake kompaila ilikuwa imeandikiwa kwamba kazi fulani ya hisabati haiwezi kamwe kutoa sufuri hasi. Ukweli ni kwamba inaweza, ikipewa sufuri hasi. Kosa hilo linaonekana dogo kiasi cha kuchekesha. Lakini kompaila ilijenga hoja juu ya imani hiyo, hatua kwa hatua, hadi ikahitimisha kwamba fahirisi fulani ni salama daima na kuuondoa ukaguzi wake. Watafiti wa usalama walionyesha jinsi mshambuliaji anavyoweza kupita katika pengo hilo na kusoma kumbukumbu nje ya safu. Kosa lilirekebishwa.

Kilichofuata ni muhimu zaidi kwa mada hii. Mwaka 2019 wahandisi wa V8 waliamua kwamba katika sehemu nyingi ukaguzi ambao kompaila inauona kuwa wa ziada usiondolewe tena. Ubakizwe kama mlango wa pili, na ukishindwa, programu isimamishwe papo hapo. Walikubali kupoteza kasi kiasi kwa kuwa kivinjari huendesha programu zilizoandikwa na watu wasiojulikana, miongoni mwao wakiwemo wenye nia mbaya. Uamuzi huo haumaanishi kwamba uondoaji wa ukaguzi ni kosa kila mahali. Go, Rust na Java zinaendelea nao. Unamaanisha kwamba swali la ni ukaguzi gani uondolewe halijibiwi na hoja ya kimantiki pekee. Linajibiwa pia kwa kuuliza ni nani atakayeumia hoja hiyo ikiwa na ufa.

Nje ya safu, kisa cha roketi ya Ariane 5 kinatoa funzo hilohilo. Tarehe 4 Juni 1996 roketi hiyo iliharibika takriban sekunde 40 baada ya kurushwa. Uchunguzi ulibaini kwamba katika programu yake kulikuwa na namba 7 zilizoweza kuvuka ukubwa unaoruhusiwa. Nne zilikingwa, tatu zikaachwa bila kinga ili kompyuta isilemewe na kazi. Hoja ya kuziacha ilitegemea safari za Ariane 4, na kwa roketi hiyo ya awali ilikuwa sahihi. Ariane 5 ilikwenda kwa mwendo mwingine. Gari lilikuwa limehesabiwa Kakamega, lakini safari haikuwa ile iliyodhaniwa.

Suala la Istilahi

Maelezo haya yametumia maneno machache ya kitaalamu, na inafaa kuyatazama kidogo. Safu ni neno la zamani. Husemwa safu ya milima na safu ya askari. Wazo la vitu vinavyofuatana kwa mpango limo ndani yake tayari. Fahirisi inajulikana kwa kila aliyefungua kurasa za mwisho za kitabu. Mpaka na ukaguzi hayahitaji kufafanuliwa. Kompaila limetoholewa, na pengine ni afadhali, kwa sababu neno linalotokana na kitenzi kukusanya lingempeleka msomaji mbali na kazi halisi ya chombo hiki, ambayo ni kutafsiri.

Kiswahili kimekwisha kupita njia hii hapo awali. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maagizo ya Kiswahili. Hata hivyo, kazi hiyo ilihusu zaidi uso wa programu, yaani maneno yanayosomwa na mtumiaji. Undani wa kompyuta, ambamo maamuzi kama ya ukaguzi wa mipaka hufanyika, haujaandikiwa sana. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichoko Kakamega na kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, kina wanafunzi wa sayansi ya kompyuta na wa Kiswahili katika ua mmoja. Makundi hayo mawili yakikaa pamoja juu ya mada moja tu kila muhula, pengo hilo litaanza kuzibika.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ukaguzi wa mipaka ni kinga iliyolipiwa kwa gharama kubwa ya kihistoria, na kwamba kompaila inaweza kuuondoa pale inapothibitisha kuwa hauwezi kukamata kosa lolote. Yameonyesha pia kwamba kuuthibitisha uondoaji huo si rahisi, kwa kuwa jibu la programu halibadiliki. Ni lazima mtu asome kilichozalishwa, aweke visa vya pande zote mbili, ajihadhari na ushindi wa uongo, na apime kwenye kingo za namba.

Faida ya kazi hiyo humfikia mtu asiyeijua. Mwandishi wa programu anayeamini kwamba kompaila itauondoa ukaguzi wa ziada, na kwamba kuna jaribio litakalopiga kelele siku itakapoacha kufanya hivyo au itakapozidisha, hana tena sababu ya kuuzima ukaguzi wote kwa mkono wake. Naye mwanafunzi wa Kiswahili ana la kujifunza hapa. Amefundishwa kuhakiki kilichomo katika matini. Wahandisi hawa wanamkumbusha kwamba kilichoachwa nje nacho huhitaji kuhakikiwa, na kwamba kabla ya kukubali kuwa hakikuhitajika, sharti aulize ni nani aliyethibitisha hivyo, na kwa safari ipi.